Shajara ya mradi: kunyoosha makala za Uganda na kuzitia picha (kikundi cha Jinja)

Januari, mwishoni

Tumeanza rasmi. Kazi ni kuzipitia makala za Wikipedia ya Kiswahili zinazohusu Uganda, tunaanza na hapa Jinja na Busoga halafu tutasogea, kila makala isomwe na mtu anayepajua mahali penyewe, palipopinda panyooshwe, isiyo na picha ipate picha. Ukifungua nyingi utakuta mistari miwili mitatu, jina la wilaya, idadi ya watu ya sensa ya 2002, chini kile kigezo cha mbegu kinachokuomba uongeze habari, basi. Sensa ya 2002 ilikuta Uganda watu milioni 24 na kitu, ya 2014 ikakuta milioni 34.6, ya 2024 karibu milioni 46, kwa hiyo mtoto wa shule kule Dodoma akiifungua leo anasoma Uganda ambayo nusu yetu tulikuwa hatujazaliwa. Halafu Jinja bado inaitwa mji tu, wakati ni jiji tangu tarehe 1 Julai 2020, siku moja na Arua, Gulu, Mbarara, Masaka, Mbale na Fort Portal.

Waliopo: Mwalimu wetu mstaafu wa Walukuba, mtaa wa hapa Jinja, ambaye ndo mkali wa tarehe, Hajati aliyekuja kutoka Arua na Kiswahili chake cha nyumbani, kijana wa boda mwenye simu yenye kamera kutushinda wote, wanafunzi kadhaa wanaokuja na kupotea, na mimi naandika hii shajara kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Wanaouliza Jinja na Kiswahili wapi na wapi waende kota za Walukuba wasikilize, palikuwa na viwanda, palikuwa na reli, pana kambi za jeshi, Mluo na Msamia na Macholi na Msoga wakikutana pale dukani hawatafuti mkalimani.

Februari, Jumamosi ya akaunti

Leo nusu siku imeliwa na kufungua akaunti. Watu walikuja wengi kuliko tulivyotegemea, wote wakajiunga kwenye hotspoti ya simu moja, sita zikapita ya saba ikagoma. Kumbe mfumo unaruhusu akaunti sita tu kwa siku kutoka anwani moja ya intaneti, wameweka hivyo kuwazuia wahuni wanaofungua akaunti mia kwenda kuharibu makala. Dawa yake nyepesi, kila mtu atumie bando lake au afungue akaunti nyumbani kabla hajaja.

Iliyotusumbua kweli ni VPN, ile programu inayoficha anwani yako ya intaneti ili ufungue mitandao iliyofungwa. Hapa kwetu Facebook imefungwa tangu Januari 2021 kwa hiyo mtu akinunua simu kitu cha kwanza anaweka VPN, na haizimi tena, inalala imewaka inaamka imewaka, ashasahau kama ipo. Wikipedia nayo haimruhusu mtu ahariri akipitia humo, kusoma sawa, kuhariri hapana. Dada mmoja aliandika aya nzima nzuri kuhusu soko la samaki la Masese, akabonyeza kuhifadhi, likatokea boksi refu la kumwambia anwani yake imezuiwa, akanyamaza kwanza halafu akaniuliza, "Sasa mi nimewakosea nini hao?" Tukazima VPN, tukarudi nyuma, bahati aya ilikuwa bado ipo kwenye skrini. Kuanzia sasa hilo ndo jambo la kwanza kumwambia mgeni, kabla hata ya karibu kiti.

Februari, katikati

Korongo. Makala moja iliyogusa alama za taifa ilikuwa na picha ya ndege, picha kali kabisa, ndege mzuri, amesimama vizuri, na imekaa hapo muda mrefu bila mtu kuuliza. Kijana wa boda ndo aliyeikataa. Akachukua laptopu akaikuza mpaka ikabaki kichwa tu, akasema huyu si wa kwetu, muangalieni shavu. Wa kwetu shavu lake jeupe, wekundu uko juu kidogo tu, halafu chini ya kidevu kuna kifuko chekundu kinaning'inia, na shingo ni kijivu kilichopauka. Huyo wa pichani shavu limegawanyika, juu jeupe chini jekundu, na shingo yake ni nyeusinyeusi. Tukaenda kutafuta, kijana yuko sahihi, wa kwenye bendera yetu ni Balearica regulorum, yule wa pichani ni Balearica pavonina, ndugu yake wa ukanda wa Sahel. Wote wana taji la dhahabu kichwani ndo maana mtu aliyekaa mbali anachanganya, na aliyeweka hiyo picha hakuwa na nia mbaya, alitafuta korongo mwenye taji akapata korongo mwenye taji.

Sentensi yenye kosa kuna siku mtu ataisoma ashtuke. Picha watu wanaitazama wanapita zao. Ndo maana nimependekeza tukague picha zilizopo kabla ya kuongeza mpya, wengine waliona ni kupoteza muda, wacha waone.

Picha mpya kaipiga mwenyewe kwenye kinamasi njia ya Iganga, alfajiri, abiria wake akiwa amekaa nyuma ya boda anangoja na anapiga kelele atachelewa kazini. Ndege wawili, mmoja ameinama. Imepokelewa vizuri. Kwenye makala tumeongeza pia kwamba huyu ndege tangu 2012 yuko kwenye orodha ya kimataifa kama aliye hatarini kutoweka, sababu mojawapo ni hivyo vinamasi kukaushwa watu walime, na yeyote anayepita Busoga akaona mashamba ya mpunga hahitaji kuelezwa zaidi.

Machi, mvua zimeanza

Chanzo cha Nile. Hapa Mwalimu alikuwa kashajiandaa, alikuja na daftari. Makala ilikuwa inamwalika msomaji aje aone maporomoko ya Ripon. Aje aone nini? Speke, yule mpelelezi Mwingereza, aliyaona tarehe 28 Julai 1862, sawa, lakini bwawa la Owen Falls lilipomalizika mwaka 1954, mwaka huohuo Malkia Elizabeth II akaja kulizindua, maji yakapanda nyuma ya bwawa yakayafunika. Leo ukipanda boti unaonyeshwa sehemu maji yanachemkachemka, unapiga picha na kibao, unarudi kula samaki. Tumeandika "yalikuwa" kila palipoandikwa "yapo". Kazi ya dakika tano lakini nadhani imeokoa nauli ya mtu.

Hapohapo kuna habari ya Gandhi. Ilikuwa imeandikwa kwa namna ambayo msomaji anaelewa kwamba alifika Jinja. Kilichofika ni sehemu ya majivu yake, yakatiwa mtoni mwaka 1948, na ile sanamu ya kichwa na mabega pale bustanini ilizinduliwa mwaka 1997 na waziri mkuu wa India wa wakati huo, I. K. Gujral. Tumepiga picha ya sanamu na tukapiga picha nyingine ya maandishi yake peke yake, karibu, yasomeke. Hii sasa ni kanuni yetu, penye jiwe la msingi au kibao lazima kipigwe kivyake. Shida yetu kubwa huku si kujua, watu wanajua, shida ni wapi imeandikwa, na Wikipedia haipokei "mzee mmoja alituambia" hata kama mzee mwenyewe alikuwepo. Picha ya kibao haichukui nafasi ya kitabu, sawa, ila ukibishana na mtu aliyeko mbali kuhusu mwaka, unampa linki anasoma mwenyewe, ubishi unaisha.

Ndo hivyohivyo tulivyofanya na maduka ya zamani ya Wahindi mjini. Ukiinua macho juu ya mabati ya veranda utaona wengi walichora jina la familia na mwaka kwenye saruji. Wenyewe wengi waliondoka mwaka 1972 Amin alipowapa siku 90, majina yakabaki juu, chini wanauza simu na magodoro. Kijana wa boda alizunguka barabara nzima akizipiga zile za juu tu, mwenye duka mmoja akamkimbilia akidhani ni mtu wa kodi.

Machi, bado

Bwawa lenyewe la Owen Falls hatujapiga picha na hatutapiga. Pale kuna askari na kupiga picha marufuku, kila mtu wa Jinja anajua. Mwanafunzi mmoja akashauri tupige kimyakimya kupitia dirisha la taksi, Mwalimu akavua miwani akamwangalia tu. Hakuna makala ya kulalia selo. Mahali pa picha yetu tumetumia ya setilaiti ya NASA, hizo hazina hakimiliki, mtu yeyote anazitumia, inaonyesha ziwa, jiji na mto unapotokea, na kusema kweli inaelezea vizuri kuliko ambavyo ingeelezea picha ya ukuta wa zege.

Maneno ya makala hiyo nayo yalikuwa ya zamani, yanasema karibu umeme wote wa Uganda unatoka hapo. Enzi hizo kweli. Sasa Nalubaale, ndo jina la leo la Owen Falls, ina megawati 180, Kiira pembeni yake 200, Bujagali 250, Isimba 183, na Karuma iliyozinduliwa 2024 ni megawati 600 peke yake. Tumeweka jedwali dogo. Hajati akauliza, na mbona umeme unakatika? Hilo halina chanzo cha kuaminika, tukaliacha.

Aprili, mapema

Watu wanatuma picha kwa WhatsApp, jamani. Picha ikipita huko inabanwa inakuwa ndogo, na zile taarifa zake za ndani, tarehe, aina ya simu, mahali, zote zinafutwa. Ukiipakia Commons hivyo, lile ghala la picha huria zinazotumika Wikipedia, wakaguzi wanaona kapicha kadogo hakana taarifa yoyote, wanadhani umeiokota mtandaoni, wanaipendekeza ifutwe, na siwalaumu maana ndivyo picha za kuokota zinavyoonekana. Picha za mtu wetu wa Bugiri zimepata msukosuko huo na kazipiga kwa mkono wake. Mpakie moja kwa moja kutoka kwenye simu iliyopiga. Ikishindikana kabisa, tuma kama dokumenti si kama picha, hapo haibanwi.

Na picha ya Google usiniletee. Ukisema "lakini nimeitoa Google" ndo unazidi kuharibu.

Aprili, katikati

Tumeshinda kesi! Mnara wa Uhuru pale Kampala, yule mama aliyefungwa vitambaa anamwinua mtoto juu, ilipendekezwa picha yetu ifutwe kwa sababu ni kazi ya msanii na hatukuleta ruhusa yake. Mchongaji ni Gregory Maloba, Mkenya aliyesoma na kufundisha Makerere, mnara ni wa 1962, na yeye kafariki 2007 kwa hiyo haki zake bado hai, aliyependekeza hakuwa anabahatisha. Kwa nchi kama Ufaransa angekuwa na hoja nzito. Ila sheria yetu ya hakimiliki ya 2006 inaruhusu kupiga na kutoa picha ya kazi ya sanaa iliyowekwa kwa kudumu mahali pa umma, na mnara uko barabarani, kila mtu anapita hapo. Mwanafunzi wa sheria, mmoja wa wale wanaopotea, akaibuka siku hiyo akaandika hoja aya mbili bila matusi, akanukuu kifungu, jamaa akakubali akafunga pendekezo. Hatujamuona tena tangu siku hiyo, ila kazi yake ameifanya.

Kwenye maelezo ya picha tumehakikisha jina la Maloba lipo. Kwenye picha nyingi za ule mnara wanaandika jina la mpiga picha tu, na jina la aliyeuumba mnara halipo popote.

Aprili mwishoni mpaka Mei

Hii nitaiandika kwa urefu.

Makala ya maporomoko ya Bujagali inahitaji picha na maporomoko hayapo tena. Bwawa lilipojazwa yakazama, kituo cha umeme kikazinduliwa 2012, kwa hiyo hakuna simu ya mtu yeyote leo, hata iwe na kamera tano, itakayoyapiga. Kwa Wasoga pale palikuwa na mizimu ya Budhagaali, si mahali pa kuogelea tu, ingawa waliogelea pia, na wenye umri wangu mnawakumbuka wale vijana waliokuwa wanajirusha kwenye maji wameshika jerikani la njano, wanazama, wanaibukia kule chini, watalii wanatoa pesa. Sasa hayo unayaonyeshaje kama huna albamu ya mtu?

Kijana wa boda akasema kuna jaja mmoja, yaani bibi mzee, upande wa Bugembe huwa anampeleka kanisani, na ana boksi la picha. Tukaenda na Hajati, maana tulijua wanaume watupu tungefika tungepewa chai na kurudishwa. Boksi lilikuwa la viatu, picha zimefungwa na kitambaa, nyingine zimeshikana kwa unyevu, Hajati akazitenganisha kwa ukucha polepole na jaja anamwelekeza, "hiyo hapana, hiyo ni msiba, hiyo weka pembeni." Za Bujagali zilikuwa chache. Nzuri kuliko zote ilikuwa ya mtu na jerikani yuko katikati ya povu, kichwa na mkono mmoja tu ndo vinaonekana, jerikani limeinuka. Tukashangilia mapema mno. Nyuma kumbe kuna maandishi ya mtalii aliyeipiga akaiosha akamletea mumewe jaja kama zawadi. Basi hiyo haipakiwi. Kumiliki karatasi si kumiliki picha, haki ni ya yule aliyebonyeza kamera, na ni picha ya miaka ya tisini kwa hiyo bado ina mwenyewe, na mwenyewe ana jina moja la kwanza na hana anwani. Iliniuma na inaniuma bado.

Nyingine kazipiga marehemu mzee mwenyewe na kamera yake. Hizo haki zake ni za warithi, yaani jaja na watoto. Hapo ndo mazungumzo yakaanza, na nawaomba wenzangu mtakaokwenda kwa watu msiyarukie haya mazungumzo. Jaja akauliza, "Wanalipa ngapi?" Hajati akamjibu wazi, hakuna malipo, jaja, wala sisi hatulipwi. Akauliza tena, nani atazitumia? Tukamwambia mtu yeyote, hata kampuni ya utalii inaweza kuiweka kwenye tangazo lake ikapata pesa, sharti lake itaje jina la mzee, na ukishatoa ruhusa hiyo huwezi kuirudisha. Kuna wanaoficha hiyo sehemu ya kampuni ili mtu akubali haraka. Mtu akija kuiona picha ya mumewe kwenye bango la hoteli bila kuwa aliambiwa, kikundi chetu hakitaingia tena nyumba yoyote Bugembe, na tutakuwa tumestahili.

Jaja akasema ataongea na watoto. Tukaondoka na ndizi na bila picha.

Zilipita wiki. Kijana wa boda akawa anampeleka kanisani kama kawaida, tulimkataza kabisa kuuliza. Halafu mtoto wake mkubwa akapiga simu, wamekubali tatu, ya nne hapana kwa sababu dada yao anaonekana akioga mtoni akiwa mdogo na yeye sasa ni mtu na heshima zake. Tatu zinatosha sana! Akaandika barua pepe ya ruhusa, tukamsaidia maneno tu, akaituma mwenyewe kwa timu ya Commons inayopokea ruhusa, maana ikitoka kwetu haina uzito. Sharti la jaja lilikuwa moja, jina la mzee liandikwe lote, pamoja na la baba yake na la ukoo, lisikatwe. Limeandikwa lote.

Tukabaki na tarehe. Nyuma ya picha moja kuna "Pasaka" na kalamu ya wino, mwaka hakuna. Jaja akahesabu kwa watoto, nani alikuwa mgongoni, nani alikuwa tumboni, akafika miaka ya tisini mwishoni, mtoto mkubwa akabisha, wakabishana kwenye simu sisi tunasikiliza. Maelezo ya picha sasa yanasema "takriban mwishoni mwa miaka ya 1990, kabla ya maporomoko kufunikwa na bwawa." Kuna mwenzetu alitaka tuchague mwaka mmoja ipendeze, tumekataa. Tulichonacho ni takriban.

Mei, Jumamosi

Mambo ya harakaharaka.

Kasubi, makaburi ya wafalme wa Buganda: picha iliyokuwepo ni ya Muzibu Azaala Mpanga, ile nyumba kuu ya nyasi, kabla haijaungua tarehe 16 Machi 2010, na haikusema hivyo, mtu alidhani ndo hali ya sasa. Tumeiacha, ni picha nzuri, tumeongeza tarehe na tumetafuta nyingine ya baada ya ujenzi. Pia makala ilikuwa bado inasema makaburi yako kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini, yalitolewa humo 2023. Mwalimu kaongeza habari za ukoo wa Ngeye wanaoezeka nyasi na zile pete 52 za darini kwa ajili ya koo za Buganda, na safari hii vyanzo vilikuwepo vya kutosha mpaka akalalamika ni vingi.

Picha zetu nzuri tunaziunganisha pia na Wikidata, hazina ya data inayotumiwa na Wikipedia za lugha zote, sio makala peke yake, manake lugha nyingine zinazochota sanduku la taarifa kutoka huko zinaipata picha bila sisi kugusa kitu.

Kuna mtu asiye na akaunti kazi yake kubadilisha urefu wa kilele cha Margherita, kile cha juu kabisa kwenye milima ya Rwenzori. Ni mita 5,109. Tumetengua, karudisha, tumetengua, mkabidhi mmoja (msimamizi) wa Wikipedia ya Kiswahili ameufunga ukurasa kwa muda. Asante sana.

Mei, mwisho wa mwezi

Hajati ameshika zamu. Anasema tumeringa na Jinja vya kutosha, sasa ni Arua, na mi naunga mkono kwa sababu makala ya Arua inatia aibu kwa jiji la ukubwa ule, halafu Kiswahili cha kule wanakiongea sokoni mchana kweupe. Ameshapata binamu zake watakaopiga picha, amewasomesha kwa simu habari ya WhatsApp na VPN mpaka wamechoka. Anachotaka kutoka kwetu ni mtu mmoja wa kukaa na matokeo ya sensa ya 2024, wilaya moja moja za West Nile, aingize namba na chanzo chake. Mwalimu amejitolea kuanza na Koboko. Yumbe, Maracha na Nebbi hazina mtu bado, anayetaka aandike jina lake kwenye ukurasa wa majadiliano wa mradi kabla ya Jumamosi.